Madeni ya nyumbani kabla ya msimu: lipi lilipwe kwanza, na kipi kiuzwe?

Mkulima wa Kaliua

Habari za leo, wanajukwaa. Mimi ni mkulima wa tumbaku na mahindi katika kijiji kimoja cha Wilaya ya Kaliua, mkoani Tabora. Nina mke na watoto watano, na mama yangu mzazi anaishi nasi. Naomba ushauri kuhusu madeni, nami nitayataja yote ili atakayejibu asilazimike kukisia.

La kwanza ni la AMCOS, yaani chama chetu cha msingi cha ushirika wa wakulima. Msimu uliopita mvua ilikata mwezi wa Januari, majani yakaiva vibaya, na mteuzi (anayepanga tumbaku kwa madaraja) alipofika sokoni marobota yangu mengi yaliangukia madaraja ya chini. Baada ya makato ya pembejeo na kuni, nilibaki nikidaiwa shilingi 640,000, ambazo zimehamishiwa msimu huu pamoja na mbolea mpya nitakayopewa.

La pili ni mkopo wa kikundi, ule ambao watu huuita kausha damu. Mke wangu aliuchukua mama alipolazwa. Alipewa shilingi 300,000 kwa masharti ya kurejesha 30,000 kila Jumatano kwa wiki 13, na sasa zimebaki wiki nane. Jumatano moja tu tukikosa, wanawake wenzake wanne waliomdhamini wanachangishwa, na mmoja wao amekwisha kuacha kumsalimia.

Mengine ni madogo: 200,000 za VICOBA (kikundi cha kuweka na kukopa), 185,000 za duka la hapa kijijini (sukari, sabuni, mafuta na madaftari), na 150,000 za shemeji yangu ambaye hanisumbui.

Mali niliyo nayo ni maksai wawili na plau, ekari saba za ukoo, magunia tisa ya mahindi ghalani, kuku na baiskeli. Mtoto wa kwanza amemaliza darasa la saba na tunatarajia aanze Kidato cha Kwanza mwezi wa Januari.

Yupo mfanyabiashara aliye tayari kunipa shilingi 400,000 leo, kwa makubaliano kwamba mwezi wa Juni nimpelekee magunia 12 ya mahindi. Je, nipokee fedha hizo, au niuze maksai, au nichukue mkopo mwingine mkubwa unaoweza kuyafuta yote haya nibaki na deni moja? Je, ni busara kuendelea na tumbaku?

Mhasibu Mstaafu, Urambo

Ndugu mkulima, nimefanya kazi ya hesabu katika vyama vya msingi kwa muda mrefu, kwa hiyo utaniwia radhi nikianza na namba.

Tatizo lako kubwa si jumla ya deni. Wewe unapata fedha mara moja kwa mwaka, soko la tumbaku linapofunguliwa, na hata hapo malipo yanaweza kuchelewa, ilhali umefunga mkataba wa kulipa kila Jumatano. Mkopo wa wiki umetengenezwa kwa ajili ya mtu anayeuza nyanya au chapati kila siku. Mkulima akiuchukua, atarejesha kwa kuuza chakula au kwa kukopa pengine, na ndivyo madeni yanavyozaana.

Sasa tuangalie riba yenyewe. Wiki 13 kwa shilingi 30,000 ni shilingi 390,000, yaani mmelipishwa 90,000 juu ya 300,000 kwa miezi mitatu. Watakuambia hiyo ni asilimia 10 kwa mwezi. Lakini hamkukaa na zile 300,000 kwa miezi mitatu, kwa kuwa kila Jumatano mnarudisha sehemu yake, na kwa wastani fedha iliyobaki mikononi mwenu ni kama nusu tu. Kwa hiyo riba halisi inakaribia mara mbili ya hiyo wanayoitaja. Benki Kuu iliwawekea watoa mikopo wa daraja la pili, yaani wanaokopesha bila kupokea amana, ukomo wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Muulizeni afisa anayekuja kukusanya awaonyeshe leseni yake, na mdai nakala ya mkataba. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila mkopeshaji wa aina hiyo awe na leseni, na wengi wanaozunguka vijijini na daftari hawana.

Hata hivyo, usikimbilie kuumaliza mkopo huo kabla ya wakati. Uliza kwanza, na ujibiwe kwa maandishi: nikilipa zote leo, mnanipunguzia riba ya wiki zilizobaki? Wakikataa, huna faida yoyote ya kulipa mapema. Fuata ratiba yao hadi mwisho, fedha nyingine ifanye kazi nyingine. Jambo moja lisilo na mjadala ni kwamba msikubali kuongezewa. Mkifika wiki ya kumi, afisa atawaambia kwa upole kwamba ninyi ni wateja wazuri na mnaweza kupewa 500,000, akate kilichobaki. Nimeona nyumba nyingi zikiangukia hapo.

Kuhusu mahindi ya Juni, wengi watakuambia ndilo deni baya kuliko yote. Kwa hesabu tupu si kweli. Ikiwa gunia mwezi wa Juni litakuwa shilingi 50,000, magunia 12 ni 600,000, yaani utalipa 200,000 zaidi kwa miezi saba, ambayo ni nafuu kuliko kausha damu. Ubaya wake uko kwingine: unadaiwa magunia, hudaiwi shilingi. Mvua ikikata tena kama mwaka jana, mahindi yatapanda bei na wewe bado utatakiwa kutoa magunia 12, hata kama umevuna 10. Mwenye watoto watano na mama mzee hawezi kubeba hatari hiyo.

Mkopo mmoja mkubwa wa kufuta yote ungefaa kama ungeupata kwenye SACCOS (chama cha ushirika cha akiba na mikopo) kwa marejesho ya baada ya mavuno. Ukiupata kwa marejesho ya kila mwezi, umehama tu kutoka Jumatano kwenda tarehe 30.

Plau na Maksai, Sikonge

Mimi napingana na mzee kwa kutokugusia maksai. Kaka, uza. Ng'ombe anaweza kufa kwa ndigana kesho asubuhi, na deni likabaki palepale. Shamba unaweza kulimisha kwa plau ya jirani ukamlipa. Mtu asiyedaiwa anafikiri vizuri na hakeshi akihesabu Jumatano.

Mama Maharage, Kasulu

Shikamoo mzee wa Urambo, nawe kaka wa Kaliua habari za nyumbani. Huku Kigoma tunalima maharage na mahindi, tumbaku tunaiona kwa majirani tu, lakini Jumatano hiyo tunaijua vizuri, ingawa kwetu ni Ijumaa.

Kwanza namtetea mke wako, kwa kuwa naona mtu anaweza kusoma habari hii akadhani ndiye aliyeleta balaa. Mgonjwa alikuwa kitandani na hakuna mwingine aliyekuwa anatoa fedha siku hiyo hiyo. Swali la kujiuliza ni kwa nini ugonjwa wa mama uliwakuta hamna kitu. Kama mama ametimiza miaka 60 na hana uwezo, sera ya Serikali inampa haki ya kutibiwa bila malipo katika vituo vya umma. Nenda kwa mtendaji wa kijiji ukaulize utaratibu wa kitambulisho cha matibabu cha wazee. Dawa nyingine bado mtaambiwa mkanunue duka la nje, hilo nalijua, lakini haitafika 300,000. Usipofanya hivyo sasa, akiugua tena mwezi wa Februari mtarudi kwa yule yule afisa.

Pili, mke wako ashike hesabu pamoja nawe. Kaeni chini, chukueni daftari moja, andikeni kila anayewadai, kiasi, na tarehe ambayo ataanza kukasirika. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko riba. Shemeji hakasiriki, basi awe wa mwisho, lakini mwende mkamwambie kwa mdomo kwamba atalipwa baada ya soko, asisikie kwa watu. Mwenye duka naye ni wa kuendewa mapema. Kwetu hapa nilimwambia mwenye duka wangu kwamba sitakopa tena hata kiberiti mpaka nimlipe, na kila nikiuza kuku nilimpelekea shilingi elfu tatu au elfu nne. Alikuwa anaikata mbele yangu kwenye lile daftari lake lenye mafuta ya taa. Hakunidai kwa ukali tena hata siku moja, kwa sababu mwenye duka anachohofia ni mtu anayeanza kupita njia ya nyuma.

Kuhusu mtoto: ada ya sekondari za Serikali, kidato cha kwanza hadi cha nne, iliondolewa tangu mwaka 2016. Kitakachowabana ni sare, viatu, madaftari na mchango wa chakula, na kama ni bweni, godoro na tranka. Shule nyingi za kata hupokea mahindi na maharage badala ya fedha kwa chakula cha mchana, kwa hiyo tengeni hayo kwenye yale magunia tisa kabla hamjauza hata debe. Sare kashoneshe mwezi huu wa Novemba. Ikifika Januari fundi naye anapandisha bei.

VICOBA msiikimbie. Riba ya pale inarudi kwenu wenyewe siku ya mgao. Tena kama kikundi kimesajiliwa halmashauri, mwonaneni na afisa maendeleo ya jamii wa kata kuhusu mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo haina riba, nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu. Lakini hiyo hutolewa kwa mradi wa kikundi. Mkiichukua ili mkalipe kausha damu, mtakuwa mmewaingiza wenzenu shimoni.

Mkulima wa Kaliua

Shikamoo mzee, na nawashukuru dada na kaka kwa majibu. Tumekaa na mke wangu jana usiku tukaandika daftari kama dada alivyosema, na tumeona kwamba yapo madeni mawili madogo ambayo mimi nilikuwa siyajui na moja ambalo yeye alikuwa halijui. Jumla imepanda kidogo. Mke wangu amemuuliza afisa kuhusu kupunguziwa riba, akajibiwa kwamba mfumo hauruhusu. Leseni hakuionyesha.

Mfanyabiashara wa mahindi nimemwambia hapana. Bado nimegawanyika kuhusu maksai, na mzee hakunijibu kuhusu tumbaku.

Mhasibu Mstaafu, Urambo

Marahaba. Nilikuwa nimeacha makusudi, maana nilitaka kwanza nijue kama mnazungumza nyumbani.

Maksai usiuze sasa. Simbishii kijana wa Sikonge kwamba ng'ombe hufa, lakini huu ni mwisho wa kiangazi, nyasi zimekwisha, ng'ombe wamekonda na kila mwenye shida anapeleka wake mnadani. Utauza mifupa. Ukishalazimika kuuza, subiri hadi Machi au Aprili wakiwa wamenenepa. Na kabla ya hapo wana kazi: mvua ikinyesha tu, watu wasio na plau watakuja kwako, nawe utalima kwa malipo ya fedha taslimu kwa ekari. Hiyo ndiyo fedha ya Jumatano zako zilizobaki. Mtu aliyekushauri ulimishe kwa jirani amesahau kwamba jirani hulima kwake kwanza, na siku kumi za kuchelewa kupanda unazilipa wakati wa kuvuna.

Kuhusu tumbaku, sikuambii uache msimu huu, kwa sababu ukiacha, zile 640,000 hazina soko la kukatwa na chama kitakuja kwako kwa njia nyingine. Wanachama wenzako wamekudhamini, na deni lako litakatwa kwenye marobota yao. Ninachokushauri ni kupunguza makisio, yaani kiasi cha tumbaku unachoandikisha chamani kwamba utalima. Watu hujaza ekari tatu au nne kwa kufikiria bei, wanasahau kwamba mwezi wa Februari majani huiva kwa pamoja, na hapo zinahitajika fedha za vibarua wa kuvuna, kufunga na kulisha moto kwenye bani (banda la kukaushia tumbaku) usiku na mchana. Mkulima asiye na akiba huzikopa wapi? Kwa wale wale wa Jumatano. Jaza makisio ambayo wewe na mkeo mtayamudu kwa mikono yenu (sisemi watoto, hao wawe shuleni), na ekari zinazobaki uweke mahindi na karanga.

Jambo la mwisho kuhusu chama. Nenda kabla pembejeo hazijagawiwa, usisubiri mkutano, umwone katibu pamoja na mwenyekiti wa bodi, upeleke barua ya kuomba deni la 640,000 ligawanywe kwenye misimu miwili. Bodi inaweza kukataa, lakini hushughulikia kwa namna tofauti mtu aliyeandika kabla na mtu aliyekamatwa baadaye. Na mbolea utakayopewa isitoke nyumbani kwako. Utafuatwa usiku na mtu mwenye fedha mkononi anayetaka mifuko miwili kwa nusu bei. Mbolea hiyo utaikuta sokoni imekatwa kwa bei kamili, na jani lililokosa mbolea mteuzi analiona kabla hujafungua robota.

Mkulima wa Kaliua

Nimeelewa, mzee. Barua naiandika leo. Je, niambatanishe nini?

Mhasibu Mstaafu, Urambo

Kitabu chako cha mauzo cha msimu uliopita, karatasi ya makato, na makisio mapya ukiwa umeyaandika mwenyewe kwa kilo. Iwe na saini yako na ya mkeo. Toa nakala mbili, na moja igongwe muhuri wa kupokelewa uondoke nayo.