Nimelipia meza laki 3 na nusu kwenye maonyesho ya startapu, kifaa cha kupima maji nikakatazwa kuingia na maji, mshindi kaja na video

Wakuu kwema? Hii nilitaka kuiandika juzi usiku ila nilikuwa na hasira ningetukana watu nikafungiwa, nikaona nilale kwanza.

Mimi ni fundi tu, umeme mdogo na programu ndogondogo, nina mwenzangu mmoja, tuna mwaka na miezi 4 tunahangaika na kifaa cha simtanki. Kinakaa juu kwenye mfuniko, kinapima maji yamebaki kiasi gani, kinawasha pampu na kuizima, maji yakikaribia kuisha kinakutumia meseji hata kama una kitochi. Basi. Hakina apu, hakina akili bandia, ni cha kumsaidia mwenye nyumba ambaye mpangaji kawasha pampu kaingia kulala, asubuhi mtaa mzima unaogelea na luku inapiga kelele imebaki yuniti 2. Tumeshafunga nyumba 11, Mbagala na Tabata, na sasa hivi ninavyoandika vinafanya kazi.

Sasa likaja tangazo, mkutano wa kuzindua bidhaa mpya za teknolojia, hoteli kubwa tu huku mjini, wawekezaji wapo, ukilipia meza unapata umeme, intaneti, dakika 5 jukwaani na kukaa na mwekezaji ana kwa ana. Laki 3 na nusu. Tukajikamua, tukachapisha bango la kusimama, tukashona na fulana mbili za kola tufanane na wenzetu.

Saa 1 asubuhi tupo mlangoni. Meza yetu tukaikuta nyuma ya nguzo, njia ya kwenda chooni, yaani kila aliyetutembelea siku ile alikuwa anakimbilia jambo lake. Mbele kabisa kwenye taa ni mabanda ya wadhamini, wanagawa kahawa na kalamu. Sisi meza 6 tukapewa ekstensheni moja yenye matundu manne, mawili hayashiki. Waifai ukiuliza nywila unaambiwa msubiri kaka wa IT, kaka wa IT simjui mpaka leo.

Halafu ikaja hii ambayo hata mke wangu nilipomsimulia alicheka mpaka akakaa chini. Nimekuja na ndoo ya lita 20 ina maji, maana kifaa cha kupima maji utakionyeshaje bila maji? Dada wa mapokezi kanizuia, "kaka samahani, maji hayaruhusiwi, zulia". Nikamwelewesha weee, nikamwita bosi wake, bosi wake akaniambia si nionyeshe kwa picha.

Basi nikabaki na mkono. Kila anayekuja naweka kiganja chini ya sensa namwambia chukulia hapa ndo maji. Sasa sensa zile za kutumia sauti zinazovumilia unyevu wa ndani ya tanki zina tabia moja, kitu kikiwa karibu sana, chini ya kama sentimita 20 hivi, haioni, inaleta namba za ajabu, ndio maana kwenye tanki tunainyanyua juu ya usawa wa maji. Jaji mmoja kaja, kachomeka kiganja karibu kabisa na sensa, namba zikacheza kama bahati nasibu, kaniangalia, kaandika kitu kwenye karatasi kaenda zake. Sikupewa hata nusu dakika ya kujieleza. Na meseji nayo ikagoma, kwa sababu tundu la umeme sikupata nikaegesha kwenye pawabenki ya mtu, na kile kimoduli cha laini kinapotafuta mtandao kinavuta umeme mwingi kwa mkupuo, hadi amp 2, pawabenki ndogo haiwezi, kinazima, kinawaka, kinatafuta tena, kinazima. Nyumbani kwa bi mkubwa mmoja Tabata hakijawahi kuzima tangu tukifunge, kimekuja kuzima siku ya kuvaa fulana ya kola.

Jirani yangu ndo aliniuma zaidi. Kijana katoka Morogoro na mashine ya kupukuchua mahindi aliyoiunda mwenyewe, kaipakia kwenye buti la basi, kalipia na mzigo, kafika nayo, kaambiwa asiiwashe maana kelele zitaingia kwenye maiki za jukwaani. Kashinda kutwa nzima anaifuta vumbi. Watu wanapiga nayo selfi.

Jukwaani napo mgeni rasmi alitakiwa saa 3, kaingia saa 5 na nusu, itifaki imezingatiwa ikachukua karibu dakika 40, wadhamini kila mmoja kapewa nafasi ya kujimwambafai, ikifika zamu yetu MC anatangaza dakika 5 zimekuwa 2 ili tuwahi chakula. Dakika 2 wakuu, hata kusalimia wazee haitoshi.

Mshindi sasa. Video ya kiwango, muziki wa kusisimua, droni inapita juu ya Daraja la Kigamboni, jamaa anatembea jukwaani na ile maiki ya sikioni anasema apu yao itabadilisha malipo ya daladala nchi nzima. Makofi. Kuna mzee kanyoosha mkono akaomba ajaribu kulipa pale pale, akajibiwa iko kwenye majaribio. Mimi na umbea wangu nikaenda mezani kwao baadaye, simu ipo pale ya kuonyeshea watu, nikabonyeza kitufe cha kulipa, kimya. Nikabonyeza tena huku nakiburuza kidogo, skrini yote ikasogea pembeni ikaja picha ya keki ya bethidei. Ilikuwa ni picha kwenye albamu ya simu jamani!! Picha!! Na huyo ndo kabeba hundi ya kadibodi.

Najua kuna mtu atakuja hapa kusema kila mahali ndo zilivyo, hata Steve Jobs Januari 2007 alipanda na iPhone ambayo ilikuwa inazima zima, kaweka simu kadhaa mezani na kufuata mpangilio ambao mafundi wake waliona hauzimishi simu. Sawa, naijua hiyo. Ila alikuwa na simu mkononi, na Juni mwaka ule ule ilikuwa dukani. Haya na mambo ya kulipia jukwaa, Marekani huko huko kulikuwa na mkutano unaitwa DEMO, ukitaka kuonyesha bidhaa unalipa dola 18,500. Michael Arrington mwenye blogu ya teknolojia ya TechCrunch na mjasiriamali mwenzake Jason Calacanis wakaona huu si utaratibu, 2007 wakaanzisha wao TechCrunch40 San Francisco, kampuni 40 zinapanda bure kwa kuchaguliwa. Mint, tovuti ya kumsaidia mtu kufuatilia matumizi ya hela zake, ndo ilishinda, dola 50,000, na ilifunguliwa kwa watu kuitumia kipindi kile kile, 2009 Intuit, kampuni kubwa ya programu za mahesabu, wakainunua dola milioni 170. Kwa hiyo msinidanganye haiwezekani.

Na M-Pesa tunayoitumia wote haikuzaliwa kwenye ukumbi wenye zulia. Majaribio yalianza Kenya 2005, ilikuwa ya watu kurejesha mikopo midogo midogo kwa simu, watu wenyewe wakaanza kutumiana hela kwa shughuli zao, ndo Machi 2007 ikazinduliwa. Ilishashikwa na mikono ya watu kabla haijapata MC.

Sijasema yule jamaa wa daladala tapeli, huenda ataijenga kweli na mimi nitailipia nauli nikiwa nimenuna. Shida yangu ni waandaaji. Wametuuzia meza, tukawajazia ukumbi, picha zetu wamewapelekea wadhamini kwamba oneni vijana wabunifu, halafu kilichopigiwa makofi ni video. Mwekezaji wa ana kwa ana sijamwona. Chakula chenyewe wenye beji za bluu walianza, sisi wa njano tumefika tumekuta wali na mchuzi mwepesi hadi unaona tako la sufuria.

Juzi nikaandika kwenye grupu la washiriki, kwa adabu kabisa, naomba mambo mawili, maksi za majaji tuzione na nusu ya hela ya meza irudi kwa sababu umeme na intaneti havikuwepo. Tiki za bluu. Kesho yake ikaja pdf ya cheti cha ushiriki, jina langu wamekosea, na chini yake ujumbe: meza za mwakani zimeshaanza kuuzwa, ukilipia kabla ya mwisho wa mwezi ni laki 4 badala ya laki 5.

Yule wa Morogoro kajibu kwa kuuliza kama mwakani ataruhusiwa kuwasha mashine.

Updeti saa 4 usiku: tumetolewa kwenye grupu, mimi na yeye.