Ushauri: Milano kwenda Genova kwa treni na kurudi siku hiyo hiyo, niko na mama mtu mzima

BintiTemeke
Habari zenu wakuu. Niko Milano kwa kaka yangu, nimekuja na mama. Ijumaa kaka anashinda kazini, nataka nimtoe bi mkubwa akaone bahari, maana kujifungia ndani na hii baridi ya Oktoba kumemchosha. Nimeichagua Genova kwa kuwa si mbali na ni mji wa bandari. Mama kakulia Tanga, habari za meli humwambii kitu.

Naomba kujua: nikate tiketi ya treni ipi? Naona vituo viwili, Piazza Principe na Brignole, tushukie kipi? Mama magoti yanamsumbua, tambarare anatembea vizuri tu ila vilima hapana. Na hatuli nguruwe. Wifi yangu anasema tuunganishe na Cinque Terre, vile vijiji vitano vya pwani, humo humo, hili likoje?

Mzee_wa_Pavia
Karibu dada. Shukeni Principe. Kutoka hapo metro ni vituo viwili tu, Darsena kisha San Giorgio, mnatokea bandari ya zamani, Porto Antico. Brignole iko upande wa maduka, haitawasaidia asubuhi.

Treni zipo za aina mbili. Intercity ina namba ya kiti, na bei hupanda ukichelewa kukata. Regionale Veloce, yaani treni ya mkoa, bei yake haibadiliki hata ukikata dakika tano kabla, ila kiti ni cha aliyewahi. Mwendo ni saa moja na nusu mpaka mbili hivi, yoyote utakayopanda. Kwa mtu mwenye magoti mimi ningechukua Intercity kwenda, ili awe na uhakika wa kukaa, na ya mkoa kurudi, ili msikimbizane na saa.

Tiketi ya karatasi ya treni ya mkoa igongwe kwenye kile kimashine cha ukutani kabla hamjapanda. Ya kwenye simu bonyeza "check-in". Mkaguzi hasikilizi kwamba wewe ni mgeni.

Kinyozi_Torino
Genova ya nini? Vichochoro na harufu ya mikojo. Mpeleke mama Ziwa Como, apige picha nzuri.

Mzee_wa_Pavia
Mkuu, mama wa Tanga umpeleke ziwani? Kaomba bahari huyo.

Mpwani_Ulaya
Dada, mimi ni wa Mombasa, niliishi Genova kwa muda. Hiyo Cinque Terre mwambie wifi aende yeye. Kutoka Genova ni mwendo mwingine mrefu tu wa treni, na ukifika ni ngazi juu ya ngazi. Mama atakulaumu mpaka Temeke.

Genova yenyewe imejengwa mlimani, lakini wenyeji walishalitafutia dawa: wana lifti za umma za kupandia mitaa ya juu, kama sisi tunavyopanda daladala. Nendeni Piazza Portello, mnaingia kwenye njia ya chini kwa chini, mwisho wake kuna lifti ya Castelletto, iko tangu 1909. Mlango ukifunguka mko juu ya mji mzima. Mapaa ya mawe ya kijivu yamebanana hapo chini, nyuma yake winchi za bandari, na kulia kwa mbali mnara wa taa, Lanterna, uliojengwa upya 1543 na bado unawaka. Mabenchi yapo. Hapo mwache mama akae hata saa nzima, usimharakishe.

Chakula sasa. Tafuteni farinata. Ni unga wa dengu, ule ule wa bajia, unakorogwa na maji, mafuta ya zeituni na chumvi, unamiminwa kwenye sinia pana la shaba na kusukumwa kwenye tanuri la kuni. Inatoka juu imekauka na madoa ya kuungua, ndani laini. Wanakukatia kipande cha moto na pilipili manga juu. Nyama haimo. Focaccia ya kule kwa kawaida ni mafuta ya zeituni, ila waokaji wengine hutia mafuta ya nguruwe, kwa hiyo uliza: "C'è strutto?"

BintiTemeke
Jamani asanteni! Hiyo lifti imenimaliza. Na hapo bandarini kuna cha kuona au ni kutembea tu?

Mpwani_Ulaya
Kuna Acquario, samaki wa kila namna, ilifunguliwa 1992 kwa maonyesho ya miaka 500 ya safari ya Columbus. Nzuri, ila kiingilio kimechangamka. Kama mama ni wa meli, nendeni Galata, makumbusho ya bahari. Ndani wamejenga jahazi la kale la makasia kwa ukubwa wake halisi, na kuna sehemu ya Waitaliano waliopanda meli pale kwenda Argentina na Marekani kutafuta maisha. Mama ataielewa hiyo bila mkalimani.

Msomaji_wa_Ramani
Nyongeza kwa mama. Mwaka 1291 ndugu wawili wa Genova, Ugolino na Vadino Vivaldi, walitoka na merikebu mbili kutafuta njia ya bahari ya kwenda India. Hawakuonekana tena. Inasimuliwa kwamba Sorleone, mtoto wa Ugolino, aliwatafuta mpaka akafika Mogadishu. Karne mbili kabla ya Vasco da Gama! Ukweli wake unabishaniwa, ila ni hadithi ya kumpigia mama ndani ya treni, maana dirishani hakuna bahari. Ni mashamba ya mpunga, mto Po, kisha milima na mahandaki mpaka karibu mnafika.

Mzee_wa_Pavia
Mambo mawili nimesahau. Umesema Ijumaa: hapa migomo ya treni inapenda sana Ijumaa. Alhamisi jioni tafuta neno "sciopero" kwenye habari. Siku ya kazi yenye mgomo, treni za mkoa zinazohakikishwa ni za saa 12 mpaka 3 asubuhi na saa 12 jioni mpaka 3 usiku.

La pili ni mvua. Oktoba na Novemba Genova si ya kuchezea, mafuriko ya 2011 na 2014 yaliua watu. Wakitangaza "allerta rossa", yaani tahadhari nyekundu, msiende kabisa. Ikiwa ya njano, beba mwavuli na uangalie taarifa tena kabla ya kutoka.

Kinyozi_Torino
Haya, nimeshindwa. Ila vichochoro vya Via Prè shika mkoba mbele. Mchana hamna shida, Waafrika wenzetu wana maduka pale, hata vitenge utavikuta.

BintiTemeke
Mama kasikia vitenge, anauliza ni mita ngapi kutoka kituoni 😂

Mpwani_Ulaya
Mwambie hapo hapo, ukishuka Principe ni kama kuvuka barabara. Ila anzeni na lifti, mkianza na vitenge bahari hamtaiona.