Msaada: GetWindowRect inanipa nafasi ya dirisha isiyolingana na ninachokiona kwenye skrini

mjenzi_programu:
Habari wakuu. Nina programu ya Windows kwa C++. Nataka dirisha dogo la vifaa lijibandike ukingo wa kulia wa dirisha kuu. Nasoma nafasi kwa GetWindowRect, kisha nahamisha dogo kwa SetWindowPos, lakini unabaki mwanya wa pikseli 14 hivi. Kwenye skrini ya pili, yenye ukuzaji wa 150%, ndiyo linakwenda mbali kabisa. Nakosea wapi?

Bwana Pikseli:
Hujakosea hesabu, mkuu. Tangu Windows 10, dirisha lina kingo zisizoonekana za kushikia kipanya: kushoto, kulia na chini, pikseli 7 kila upande ukuzaji ukiwa 100%. GetWindowRect inazihesabu. Saba za dirisha kuu na saba za dogo, ndiyo 14 zako.

Ukingo unaoonekana unaupata kwa DwmGetWindowAttribute ukitumia DWMWA_EXTENDED_FRAME_BOUNDS. Ila SetWindowPos bado inataka vipimo vya aina ya GetWindowRect, kwa hiyo toa pia kingo fiche za dirisha dogo. Mfano: ukingo wa kulia unaoonekana wa dirisha kuu ni 1200, na dogo lina 7 fiche kushoto; basi x yake ni 1193. Usiiandike hiyo 7 moja kwa moja kwenye msimbo, maana hubadilika na ukuzaji. Pima tofauti kati ya majibu ya hizo fankisheni mbili, na upime baada ya ShowWindow. Dirisha ambalo halijawahi kuonyeshwa hutoa namba nyingine.

kodi_usiku:
Naongezea la skrini ya pili. DWM (sehemu ya Windows inayochora madirisha, ndiyo inayojibu DwmGetWindowAttribute) hujibu kwa pikseli halisi, lakini GetWindowRect huzigeuza kama programu haijatangaza kwamba inaelewa ukuzaji. Hapo unatoa kipimo cha mizani moja kwenye kipimo cha mizani nyingine. Weka PerMonitorV2 (tangazo kwamba programu inaelewa ukuzaji wa kila skrini) kwenye manifesti, yaani faili la maelezo ya programu, kabla ya kugusa kitu kingine.

Halafu, kama unafuatilia WM_MOVE (ujumbe wa Windows kwamba dirisha limesogea), namba zake ni za kona ya eneo la ndani, si za fremu. Zisome kwa GET_X_LPARAM na GET_Y_LPARAM. Skrini ikiwa kushoto kwa ile kuu, x huwa hasi, na LOWORD, inayosoma namba bila alama ya hasi, itakugeuzia -200 kuwa 65336.

mjenzi_programu:
Mwanya umekwisha, asanteni sana! Limebaki moja: nikifunga programu ikiwa imeshushwa kwenye upau wa kazi, faili la mipangilio linahifadhi -32000, -32000.

Bwana Pikseli:
Huko ndiko Windows inakoweka dirisha lililoshushwa. Kuhifadhi tumia GetWindowPlacement, na ujaze kwanza length, la sivyo itashindwa. Kurudisha tumia SetWindowPlacement. Usichukue rcNormalPosition (nafasi ya kawaida ya dirisha iliyomo kwenye jibu hilo) ukaipa SetWindowPos: zile ni namba za eneo la kazi, yaani skrini bila upau wa kazi, na upau wa kazi ukiwa juu au kushoto, dirisha litasogea kila unapofungua. Kabla ya kurudisha, showCmd (hali ya dirisha) ikiwa SW_SHOWMINIMIZED ibadilishe iwe SW_SHOWNORMAL. Skrini ya pili ikiwa imechomolewa na dirisha lingeangukia nje kabisa, SetWindowPlacement hulirudisha ndani yenyewe.

Dirisha_Wazi:
Ukija kuihamishia Linux, mpango huu utafanya kazi kwenye X11, mfumo wa zamani wa madirisha wa Linux, kwa XTranslateCoordinates. Wayland, mfumo mpya, haiiambii programu dirisha lake liko wapi kwenye skrini. Dirisha la vifaa itabidi liwe sehemu ya dirisha kuu.