Hita ya jua, paneli au tangi la mvua: kipi kianze?

MlangoBluu
Wakuu, habari za wakati huu. Nyumba yangu imefika kwenye kupaua, na fungu lililobaki linatosha jambo moja tu kati ya matatu: hita ya maji ya jua, paneli za sola na betri, au tangi kubwa la kuvuna maji ya mvua pamoja na mifereji yake. Nataka nyumba isiyokula umeme, isiyomwaga maji ovyo, na watoto wasilale wakivuta kemikali. Fundi wa paa ananisubiri niseme kabla hajapiga bati. Mngeanza na kipi?

Kivuli77
Mkuu, hapo hujatupa cha kushika. Mko wangapi? Maji mnapata bombani au kisimani? Umeme unakatika? Upande gani wa paa unapigwa na jua kutwa bila kivuli cha mti? Bila hayo kila mtu atakutajia alichofunga kwake.

ToneTone
Mimi hata kabla hajajibu nasema tangi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 20, hizo ni lita 2,000. Toa yanayorukia nje na yanayoishia kulowesha bati, bado unabaki na 1,600 na ushei. Na hiyo ni mvua moja tu! Ukipima, pima eneo la chini linalofunikwa na paa, usipime mteremko wa bati, utajidanganya.

Fundi_Koki
ToneTone, umeruka jambo. Tangi lisilo na bomba la kumwaga maji ya kwanza linakusanya vumbi na kinyesi cha ndege. Mvua ya mwanzo inaosha paa, hayo yapite pembeni. Tangi liwe la rangi isiyopitisha mwanga, la sivyo maji yataota ukijani, na kila tundu liwekwe wavu mbu wasitagie humo. MlangoBluu, tujibu maswali basi.

MlangoBluu
Samahani, nilikuwa saiti. Tuko sita, wawili bado wadogo. Maji ni ya kisima, yana chumvi kidogo, sufuria zinaganda ukoko mweupe. Umeme upo, unakatika lakini haukawii kurudi. Upande wa jua sijauangalia vizuri.

MamaPacha
Ukoko mweupe? Ndugu yangu, simama hapo hapo.

Sisi tulifunga hita ya jua ya mirija ya kioo, lita 200, kwa maji ya kisima kama hayo yako. Miezi ya mwanzo tulifurahi sana. Kosa la kwanza lilikuwa bomba. Hita ilikaa mwisho huu wa paa, bafu la watoto liko mwisho ule, na katikati bomba la robo tatu inchi, mita 25 hivi, halikuvikwa chochote cha kutunza joto. Bomba la namna hiyo linabeba lita 7. Kila anayeoga asubuhi alianza kwa kumwaga maji yaliyopoa usiku. Huku tunaokoa umeme, huku tunamwaga maji tuliyoyavuta kwa pampu ya umeme.

Kosa la pili ndilo lililotumaliza. Ndani ya tangi la hita ya aina yetu mna fito ya magnesiamu, kazi yake kuliwa na kutu ili tangi lisiliwe. Ikiisha inabadilishwa. Hakuna aliyetuambia, na kwa maji ya chumvi inaisha haraka zaidi. Mwaka wa tatu maji yakaanza kutoka na rangi ya chai, kisha dari la chumba cha watoto likalowa. Tukadhani bati linavuja. Fundi alipanda mara mbili kuziba misumari. Tulipobomoa kipande cha dari tukakuta mbao zimeota ukungu mweusi, na muda wote huo mwanangu mmoja alikuwa anakohoa kila usiku. Tuliponunulia wakatuambia dhamana haihusu maji ya chumvi, imeandikwa nyuma ya karatasi. Sisemi hita ni mbaya. Nasema yapime maji kwanza.

Fundi_Koki
Pole sana mama. Kwa maji ya namna hiyo ipo hita ya mizunguko miwili: majimaji yanayopanda kuchukua joto juani hayachanganyiki na ya kuogea, kwa hiyo ukoko haujengeki kule juu. Bei yake imesimama, lakini inadumu. Na jingine, msihifadhi maji ya vuguvugu siku nyingi. Bakteria wa lejionela, wanaoleta ugonjwa wa mapafu, wanastawi kati ya nyuzi 20 na 45. Tangi la hita lifike nyuzi 60, kisha kwenye bafu la watoto ifungwe vali ya kuchanganya maji ya moto na ya baridi wasiungue.

Kivuli77
Kwa kuoga hita inaishinda paneli, hesabu iko wazi. Paneli inageuza kama asilimia 20 ya jua kuwa umeme, hita nzuri inashika zaidi ya nusu ya joto lake. Kupasha lita 100 kutoka nyuzi 20 hadi 55 ni uniti 4 za umeme, kila siku. Ila watu sita wakiendelea na shawa inayotoa lita 15 kwa dakika, hakuna hita itakayowatosha. Badilisha kichwa cha shawa kiwe cha lita 8 au 9 kwanza.

MwanaMbao
Mmesahau alivyosema kuhusu watoto kulala. Kabati za chipubodi zinatoa fomaldehidi, gesi yenye madhara, kutoka kwenye gundi inayoshika chembe za mbao, na zikiwa mpya chumba kikiwa na joto ndiyo zinazidi. Akae nazo wiki kadhaa madirisha wazi kabla ya kuhamia. Rangi ya ukutani iwe imeandikwa haina madini ya risasi. Na bati achague leupe au la rangi ya mwanga, chumba hakitahitaji feni usiku kucha.

ToneTone
Bati jeupe la kupaka mwenyewe? Rangi ikibanduka inaingia tangini, na hayo maji watoto watayanywa.

MwanaMbao
Nimesema la kupakwa kiwandani, sikusema la brashi. Na maji ya paani ya kunywa yachemshwe au yachujwe na kutiwa dawa, liwe bati la rangi yoyote.

ToneTone
Sawa, la kiwandani nakubali. Lakini hayo hayo maji ya mvua hayana ukoko. Angeyaingiza kwenye hita, fito ya MamaPacha isingeisha upesi hivyo. Mimi narudi kwenye tangi.

Kivuli77
Na kiangazi ataingiza nini?

MlangoBluu
Nimepanda juu leo saa nane. Mwembe wa jirani unatia kivuli upande wote niliokusudia kuweka hita, na siwezi kumwomba aukate. Upande wa pili jua lipo, lakini uko mbali na mabafu, tatizo lile lile la mita 25. Nimemwambia fundi aongeze mbao upande huo ili ubebe mzigo baadaye, na ubao wa pembeni aupige kwa kufuata mteremko wa mifereji. Maji ya kisima nayapeleka kupimwa.

MamaPacha, ule ukungu mliuondoaje? Dari la nyumba tunayopanga sasa lina madoa kama hayo.

MamaPacha
Tulianza na maji yenyewe, maana ukisugua huku panavuja unarudi tena. Mbao zilizooza tulizitoa zote, dari tuliliacha wazi wiki tatu likauke, watoto wakalala sebuleni. Wewe mwambie mwenye nyumba apande juu kwanza. Usipake rangi juu ya doa.