Mjadala: Spika za zamani za mtumba au sabufa mpya ya dukani, ipi inaimba vizuri?

Mwanzisha mada

Wakuu, habari za jioni. Ubishi huu umetuchosha vijiweni, nauleta hapa ujibiwe kwa hoja.

Mtu ana laki mbili, anataka muziki sebuleni. Rafiki mmoja anamwambia nenda Kariakoo ukachukue sabufa mpya: ina Bluetooth, sehemu ya flashi, redio na rimoti, unachomeka unasikiliza. Rafiki wa pili anamwambia achana na hizo, tafuta jozi ya spika za zamani za mtumba, boksi zito la mbao, na amplifaya yake kuukuu. Nani anamshauri vizuri?

Mimi niko na huyo wa pili, na sibebwi na kumbukumbu za ujana. Sauti ya mtu, gitaa, tarumbeta na fidla kwa sehemu kubwa vinakaa katikati, baina ya besi na mlio mwembamba wa juu. Sabufa ya bei hiyo imegawa kazi vibaya. Vile vispika viwili vya pembeni vina koni (ile sahani inayotikisika na kutoa sauti) ya inchi tatu hivi, haviwezi kushuka, kwa hiyo boksi kubwa la sakafuni linalazimika kupanda juu lizibe pengo. Ndiyo maana kifua cha mwimbaji wa kiume kinatokea chini ya meza ya televisheni na midomo yake inatokea rafuni. Spika ya zamani ya inchi nane inabeba karibu sauti yote ya mtu kwenye koni moja, twita, kile kispika kidogo cha mlio mwembamba, inamalizia juu. Pigeni Mlimani Park au Mbaraka Mwinshehe kwenye mitambo yote miwili halafu mnieleze gitaa la rithimu limekwenda wapi kwenye sabufa.

Na wazee hawakuwa wanabahatisha. Mwaka 1954 huko Massachusetts, Marekani, Edgar Villchur na Henry Kloss walianzisha Acoustic Research wakatoa spika yenye boksi lililozibwa kabisa, hewa ya ndani ndiyo springi ya koni. Boksi la kuweka rafuni likatoa besi ambayo kabla yake ilidai kabati zima. Baadaye kampuni hiyo ikawa inafanya maonyesho na kundi la Fine Arts Quartet: wanamuziki wanapiga jukwaani, ghafla wanabaki wanacheza mikono tu huku spika zikiendelea na rekodi, na watu ukumbini wanashindwa kusema mabadiliko yametokea wapi. Nionyesheni sabufa ya kufanya hivyo.

Kijana wa Mbagala

Mkuu heshima yako, ila hizo fidla na tarumbeta unampigia nani? Huku kwetu ni singeli na amapiano. Ule mdundo wa chini ukiupeleka kwenye spika ya mzee, inakohoa tu. Mimi nataka kifua kitikisike. Uzi mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne unatoa hezi 41, yaani mitetemo 41 kwa sekunde, na midundo ya kompyuta inaweza kwenda chini ya hapo. Muziki wa sasa umetengenezwa kwa besi, sabufa imetengenezwa kwa besi. Kesi imefungwa.

Fundi wa Ilala

Haijafungwa. Mimi kazi yangu kufungua haya maboksi, yako na ya mzee, kwa hiyo ngoja niwaudhi wote.

Kijana, hezi 41 kwenye sabufa ya bei hiyo huzisikii. Boksi ni dogo na lile tundu la kupumulia limewekwa juu zaidi ya hapo, ili lipige kelele nyingi kwa umeme kidogo. Unachokisikia ni besi ya noti moja: mpigaji abadilishe noti asibadilishe, wewe unapata dum, dum, dum ileile. Kuna kanuni wabunifu wa spika wanaiita sheria ya chuma ya Hofmann: boksi dogo, besi ya kina, mlio mkubwa kwa wati chache. Chagua mbili, ya tatu utaikosa. Sabufa imechagua udogo na kelele.

Tukija kwenye wati, kasha limeandikwa maelfu ya PMPO, yaani wati za kutangazia biashara tu. Ndani nakuta aisii (vipande vya kukuza sauti) tatu za TDA2030, ambayo karatasi yake ya kiwandani inaizungumzia kama ya wati 14 hivi. Usinisikilize mimi, geuza mashine yako nyuma usome inavuta wati ngapi ukutani. Ikivuta 60, haiwezi kutoa 10,000. Nimeshakuta pia twita za pambo: sura ipo, waya haupo.

Sasa mwanzisha mada naye asicheke. Spika nyingi za mtumba zinazoletwa mezani kwangu hazina undugu wowote na hizo za Villchur. Ni za kompo za miaka ya 1990: ubao mwembamba uliobandikwa karatasi yenye picha ya mti, wufa (spika ya besi) isiyo na krosova (saketi ya kugawa besi na mlio wa juu), na kapasita moja peke yake kwenye twita ya karatasi. Zilikuwa za bei rahisi zikiwa mpya. Kukaa kontena miaka thelathini hakujazipandisha cheo.

Halafu sponji. Koni nyingi za kuanzia miaka ya 1970 zina ukingo wa sponji, na joto na unyevu wa pwani unaila. Unaigusa kwa kidole inamomonyoka kama keki. Ukingo ukishakufa koni inayumba, koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya koni, inakwangua sumaku, na siku mbili tatu za kuipigia kwa nguvu zinatosha kuiua. Kapasita nazo zimekauka, kwa hiyo twita haipati kilichokusudiwa. Ukingo mpya wa kipimo chake unaagizwa, na kuubandika ni kazi ya subira. Lakini wapo wanaokata mpira wa ndani wa tairi wakabandika! Koni inakuwa ngumu, besi inakufa, na mwenye nazo anaendelea kuwaambia watu za zamani ndiyo mpango mzima.

Mama Watatu

Samahani kaka zangu, mnazungumza kana kwamba sebuleni hakuna wanaoishi. Hiyo laki mbili imeishia kwenye spika. Amplifaya je? Waya je? Kidude cha kuingiza Bluetooth je? Na fundi wa hayo masponji analipwa na nani? Nina watoto watatu na kila mmoja kidole chake kinajua njia ya kwenda kwenye kile kibonge cha katikati ya spika.

Nilinunua sabufa. Kwenye kona ya ukuta ilikuwa inanguruma tu, maneno hayasikiki. Nikaivuta nje ya kona, nikapunguza kitufe cha besi mpaka karibu robo, vispika nikavipandisha usawa wa masikio ya mtu aliyekaa. Taarabu ninayosikiliza sasa naelewa kila neno, na waimbaji wetu mnajua, neno likikupita umeikosa nyimbo yote.

Msikilizaji wa Nairobi

Habarini za huko. Sisi hapa vita ni ileile, ila za mtumba tunaziita ex-UK, na muuzaji wa Luthuli Avenue ataapa kwamba hakuna kiwanda cha leo kinachoweza kuzifikia.

Shida yangu ni namna mnavyolinganisha. Dukani wanawasha ya kwanza, wanazima, wanawasha ya pili ikiwa juu kidogo. Sikio hupenda kilicho juu. Tofauti ikiwa ndogo, desibeli moja hivi, msikilizaji hasemi hii iko juu. Atasema hii ni safi zaidi. Spika moja ikihitaji wati mbili kupata mlio ambao nyingine inaupata kwa wati moja, ukiziacha kwenye kitufe kilekile umeshapiga kura kabla ya kusikiliza.

Halafu macho. Floyd Toole alichunguza mambo haya Kanada kwenye baraza la taifa la utafiti, kisha akahamia kampuni ya spika ya Harman. Mwaka 1994 yeye na Sean Olive walitoa jaribio walilowafanyia wafanyakazi wa kampuni hiyo: spika nne, mara nyuma ya pazia, mara zikionekana. Moja ilikuwa seti ndogo ya plastiki ya bei nafuu, vispika na sabufa yake. Nyuma ya pazia ilisimama vizuri mbele ya spika kubwa za gharama. Ilipoonekana, alama zake zilishuka na za yale maboksi makubwa yenye sura nzuri zikapanda. Sasa mtu anayeona mbao, chuma na jina la Japani la mwaka 1975 anasikia nini hasa?

Tena mwanzisha mada ameweka bora ya zamani mbele ya mbovu ya leo. Neville Thiele aliandika hesabu za boksi lenye tundu huko Australia mwaka 1961, Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970. Kabla ya hesabu hizo kuenea, mabingwa wengi walikuwa wanakata mbao na kujaribu. Leo hesabu hiyo iko kwenye programu ya bure. Jozi ya spika mpya za rafu za bei ya chini, kama zile ELAC Debut alizobuni Andrew Jones mwaka 2015, zingezizima nyingi ya hizo antiki zenu.

Mwanzisha mada

Ndugu wa Nairobi, pazia nalitaka kuliko wewe. Tutundike kanga nyepesi mbele ya spika, mtu wa tatu asawazishe mlio kwa programu ya kupima desibeli kwenye simu, na wimbo uchaguliwe na asiye na upande. Hapo nipo.

Lakini soma swali nililouliza. Laki mbili, Dar es Salaam. Hizo ELAC ziko duka gani la Kariakoo kwa pesa hiyo? Ukiagiza, usafiri na ushuru unaiacha bajeti wapi? Nalinganisha kilichopo sokoni na kilichopo sokoni. Na hiyo seti ya mwaka 1994 iliyosimama nyuma ya pazia ilikuwa na twita yenye waya, nadhani fundi atakubaliana nami.

Kijana wa Mbagala, kuna jambo hujalisema ambalo lingekusaidia. Watafiti Fletcher na Munson walionyesha mwaka 1933 kwamba mlio ukiwa mdogo sikio linapoteza besi kwanza. Kwa hiyo usiku, jirani amelala, sabufa yako iliyozidishiwa besi inasikika kamili na spika zangu zinasikika zimekonda. Basi angalia uso wa amplifaya za zamani, nyingi zina kitufe cha Loudness kwa kazi hiyohiyo, na mchana unakizima. Sabufa ya laki mbili kitufe hicho kimeganda.

Kuhusu kompo za 1990 fundi amesema kweli, na mimi sijawahi kuzitetea. Natetea spika yenye krosova ndani.

Mzee wa Unguja

Asalaam aleikum. Nimesoma yote. Naongeza kwamba jina kubwa la zamani nalo linadanganya. Yamaha walitoa NS-10M mwaka 1978 kwa ajili ya nyumbani, zile za koni nyeupe. Nyumbani hazikupendwa. Studio ndizo zilizozichukua, kwa sababu zinaianika kasoro ya rekodi bila huruma. Leo vijana wanazitafuta kwa bei ya ajabu waziweke sebuleni, eti studio kubwa zilizitumia. Zilitumika kufanyia kazi, hazikuwa za kupumzikia.

Upande wa pili ziko LS3/5a za BBC, vijisanduku vya kimo cha rula, vilivyotengenezwa kwa magari ya kurushia matangazo, mtangazaji asikike kama mtu. Besi hazina, na mlio mkubwa hazitaki. Lakini ganuni, udi na sauti ya mwimbaji kwenye spika za ukoo huo vinakaa kila kimoja mahali pake, unaweza kunyoosha kidole. Ukizipeleka kwenye harusi utazirudisha maiti.

Na unyevu wa bahari hauli kila kitu. Zenye ukingo wa raba au wa kitambaa kilichopakwa dawa zinadumu. Zangu ni za raba, zina umri mkubwa kuliko wengi humu, na nyumba yangu inatazama bahari. Sabufa za wajukuu zimeshapita kadhaa mbele yao, zinakufa amplifaya na kutupwa na spika zake, maana vyote ni boksi moja. Hilo naona hakuna aliyeligusa.

Kijana wa Mbagala

Shikamoo mzee. Mimi bado wa besi, simdanganyi mtu. Ila fundi, tuseme nimelegea nikaenda sokoni. Nakagua nini?

Fundi wa Ilala

Kwanza mwambie atoe kava la mbele. Akikataa, ondoka. Tazama ukingo: sponji, raba au kitambaa. Kama ni sponji, hesabu gharama ya kubadilisha hata kama inaonekana nzima. Kisha weka vidole vya mikono yote kuizunguka koni, isukume taratibu na sawasawa. Ukisikia mkwaruzo, koili imeshapinda. Nenda na mita ya fundi umeme, upime omu, yaani ukinzani wa umeme. Spika iliyoandikwa omu 8 itasoma 6 hivi, hiyo ni sawa. Ikisoma karibu na sifuri au isiposoma kabisa, kitu kimeungua. Angalia skrubu za wufa, zikiwa zimechubuka huku boksi lina jina kubwa, chungulia ndani, maana kuna maboksi ya heshima yaliyopachikwa koni za barabarani. Na zote mbili ziwe pacha, wasikupe mmoja wa mtu na mwingine wa mtu.

Ukipigiwa muziki, omba wimbo unaoujua wewe, wa sauti ya mtu, na sikiliza kila spika peke yake.

Amplifaya ndiyo iliyobaki, na hapa dada Mama Watatu ana haki ya kuuliza. Nyingi zinazotoka Japani ni za volti 100. Ukichomeka kwenye umeme wetu wa 230 moja kwa moja inaungua palepale. Soma nyuma kabla ya kulipa, na kama ni ya 100, transfoma ya kushusha nayo iingie kwenye hizo laki mbili.