Naomba ushauri: wanaishi kinyumba, kiwanja kina jina moja

Wakuu, nawaulizia wawili wa Mwanga, Kigoma. Huu ni mwaka wa tatu wanaishi kinyumba, mahari bado.

Kifungu cha 160 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinaeleweka: miaka 2 au zaidi pamoja, na jamii iwatambue kama mume na mke. Wengi huhesabu miaka tu, hilo la pili wanalisahau. Tena ni dhana tu kwamba wameoana, inaweza kukanushwa mahakamani.

Penye utata ni kiwanja cha Mwandiga. Hati ya mauziano ya serikali ya mtaa ina jina la mwanaume peke yake. Matofali na mabati kalipa mwanamke kwa hela ya dagaa wa Kibirizi, taslimu, bila risiti hata moja. Kifungu cha 114 cha sheria hiyo, cha mgawanyo wa mali wakiachana, kinaangalia mchango wa kila mmoja, sasa atauthibitishaje? Fundi na muuza mabati wanatosha kuwa mashahidi?

Hawajagombana, na ndio wakati wa kuandikishana. Waanze na lipi: kuongeza jina kwenye hati, makubaliano ya hisa kwa wakili, au ndoa ya serikali, yenye notisi ya siku 21?