Video za asili ya maneno na historia ya binadamu: mnawajaza watoto uongo!

Wakuu, nimeshindwa kunyamaza.

Juzi binti wa dada yangu kaniambia, tena kwa kujiamini, kwamba neno meza limetokana na kumeza, eti kwa sababu hapo ndipo tunapomezea chakula. Umeyatoa wapi haya? "Kwenye video, mjomba." Nikaitafuta, nikaiangalia mwanzo hadi mwisho. Muziki mzuri, picha safi, sauti nzito ya mtu anayejua. Hajui chochote! Meza ni neno la Kireno, mesa. Limekuja na Wareno pamoja na neno bendera, na gereza pia, lililotokana na igreja, ambalo kwao ni kanisa. Kufungua kamusi tu kungetosha.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba ukweli wenyewe ni mtamu kuliko huo uzushi. Chukua kitabu. Ni Kiarabu, mzizi mmoja na katibu na maktaba. Waarabu wakiwa na vingi husema kutub. Sisi tuliposikia ile ki- ya mwanzo tukaifanya yetu, kama ya kiti na kisu, tukasema vitabu. Mtoto akielewa hilo moja ameelewa jinsi lugha inavyolimeza neno geni na kulifanya lake. Kwa nini asiambiwe?

Chaneli hiyohiyo ina mfululizo wa binadamu wa kale. Huko ndiko nilikopandwa na hasira kabisa. Wanaonyesha nyayo za Laetoli, zile za viumbe wa jamii yetu wa kale zilizokutwa Tanzania, halafu wanachora watu wameshika mikuki yenye ncha za mawe. Nyayo zile zina miaka kama milioni 3.6! Zana za mawe za kale kuliko zote tunazozijua, zile za Lomekwi kule Turkana, Kenya, zina milioni 3.3. Mikuki hiyo waliitoa wapi? Kisha ile picha ya nyani anayesimama kidogokidogo mpaka awe mtu. Hatukutokana na sokwe wa leo. Sisi na wao tuna babu mmoja aliyeishi mamilioni ya miaka iliyopita, kila upande ukashika njia yake.

Na Kamoya Kimeu hatajwi popote. Mkenya aliyeona mwaka 1984 kipande cha kwanza cha mifupa ya yule binadamu wa kale anayeitwa kijana wa Turkana, yenye miaka kama milioni 1.5, anaachwa hivihivi. Wanasema "wanasayansi waligundua", basi.

Niliandika maoni kwa adabu, nikaeleza kosa la meza na la mikuki. Yakafutwa. Nikaandika tena, nikafungiwa.

Jamani, kama ni dhana, semeni ni dhana. Wekeni vyanzo chini ya video. Mkikosea, rekebisheni, msimfukuze aliyewaambia.

Mwenye kujua chaneli ya Kiswahili inayotaja vyanzo vyake aiweke hapa, nimpelekee huyu mtoto leo hii. Bado anabishana na mimi kuhusu meza.